Falsafa Inaliwa?

"Mwanamke hasomei upadri!" alifoka Baba Mdogo Urbani, tonge la ugali likabaki hewani. Mpaka leo naliona lile tonge.

Tulikuwa kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wetu wa Mbuji walipokuwa wakila pamoja na kukata mashauri. Niliitwa nieleze nimechaguliwa kusoma nini Chuo Kikuu. Nikasema falsafa. Kwetu Umatengo neno hilo tulilijua kwa mafrateri tu: wanasoma falsafa, kisha teolojia, kisha wanapewa upadri. Mzee Ildefonsi alidhani nakwenda utawani, akaanza kunibariki.

"Siendi utawani, Babu," nikasema.

"Basi falsafa ya kazi gani?" akadakia Baba Mdogo.

Baba Mdogo ndiye aliyenilea tangu baba afariki. Asipokubali yeye, siendi. Na hoja alikuwa nayo. Soko huria lilikuwa limeingia, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapishana na magari yao, chama cha ushirika hoi.

"Kasome biashara, Restituta. Hawa watu wanatuchezea kwa sababu hatuna wa kwetu anayejua mambo yao. Falsafa inaliwa?"

Nilikasirika, na hasira ikanitoa woga. "Hata kahawa hatuili, Baba Mdogo. Wala hatuinywi. Mbona tunailima?"

"Inauzwa!"

Mzee Ildefonsi alicheka mpaka akapaliwa. Baba Mdogo hakucheka. Alinawa mikono taratibu, akasema bila kunitazama, "Nenda. Mdomo huo shambani hautufai kitu. Lakini likizo utarudi kwenye ngoro."

Nilirudi kweli, nikawa nachimba ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani yanayozuia maji yasichukue udongo. Mwaka ule bei ilianguka. Kahawa ya Baba Mdogo, aliyoitunza kama mboni ya jicho, mnunuzi aliikataa hata bila kushuka garini. Asubuhi moja Baba Mdogo alinifuata shambani na jembe lake. Hakulima. Alizunguka pale kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka nikaona huruma.

"Hivi," akasema mwishowe, "mtu akifanya kazi yake vizuri, halafu asipate kitu, hao watu wa falsafa wanasemaje?"

"Wanabishana, Baba Mdogo. Hawajamaliza."

Akalaza jembe, akaketi juu ya tuta.

"Anza na wa kwanza."