Nilivyoitwaa Chwaka

Enyi watu wa Unguja, nawatangazieni kwamba mimi, Badar, niliitawala Chwaka nzima, pamoja na mwani wake, bila kurusha hata jiwe. Ukweli ni kwamba nilimnyang'anya mtoto wa miaka mitano, huku nikipiga miayo.

Likizo hii nilitoka bweni nikitarajia kulala. Baba akanipeleka kwa shangazi yangu, Bi Hamda, mwenye chekechea ukumbini kwake Mlandege. Miguu ilikuwa imemvimba, akaniachia mimi kipindi cha vitendawili.

"Jibu lolote likubali," aliniagiza, "ilimradi mtoto aseme kwa nini. Nataka wafikiri, siyo wakariri."

Wakafikiri mpaka kichwa kikaniuma.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kila siku namkanyaga, wala halii."

"Mkeka!"

"Ngazi!"

"Kobazi, mwalimu, kwa sababu..."

Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu haikuwa na mwisho. Joto, kelele, kamasi. Nikachoka. Nikatangaza kwamba jibu ni moja tu, kivuli, na kila aliyekosa anipe mji, kama ilivyo desturi. Nikapewa Kiembe Samaki. Nikapewa na Mlandege yenyewe tulipokaa.

Mwatima, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kufungua mdomo darasani, akasema taratibu, "Bahari. Maji yakitoka, bibi yangu huikanyaga mpaka kwenye mwani wake."

"Umekosa. Nipe mji."

Mji mwingine alioujua ni Chwaka, kwa bibi yake. Akanipa.

"Chwaka sasa yangu," nikasema kifalme. "Asiingie mtu bila ruhusa yangu."

Darasa zima likanyamaza. Nikasinzia.

Jumatatu mama yake, Bi Salhiya, akaja naye mkononi.

"Shikamoo, Bi Hamda."

"Marahaba. Mwatima mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Jana kagoma kwenda kwa bibi yake. Ati Chwaka kaitoa, bibi atafukuzwa. Na hapa ati hasemi tena. Nimekuja kumtoa."

Shangazi alikaa chini kwa uzito.

"Badar!"

"Naam, shangazi."

"Ulimkatalia jibu gani?"

"Mchezo tu, shangazi. Hata sisi bweni..."

"Nimekuuliza jibu, sikukuuliza bweni."

Mwatima alinitazama kama anayeomba ruhusa ya kupita. Nikachutama mbele yake.

"Ulisema bahari. Chwaka ni ya bibi yako, hakuna wa kumfukuza. Na jibu lako lilikuwa sawa, zuri kuliko langu. Ya wenzako pia yalikuwa sawa, yote. Nilichoka tu kuwasikiliza. Nilitaka mnyamaze."