Dada Yupi

Jumapili ya arobaini ya mtoto, Mayasa alifika mtaani Kensington, nyumbani kwa Perpetua, saa nne asubuhi na doti ya kanga mpya na sufuria ya vitumbua. Perpetua alimpokea mlangoni, akatwaa vitumbua, kisha akamgeukia mke wa mchungaji. "Huyu ni dada," alisema, na akamkabidhi Mayasa aproni.

Mayasa aliosha vyombo mpaka saa nane. Kutoka sebuleni alimsikia Perpetua akiwasimulia wageni uchungu wa kujifungua, alivyojikaza, alivyomng'ata mumewe Onesmo kidole. Uongo mtupu. Perpetua alitolewa kizazi miaka mingi iliyopita. Aliyembeba mtoto wao miezi tisa na kumzaa ni Mayasa, kwa idhini ya jaji na bila malipo, maana sheria ya huku kusini mwa bara hairuhusu malipo.

Alipokuwa na shida, Perpetua aliupanda mlima wa ngazi za Joubert Park hadi kwa Mayasa, ghorofa ya nne, akalia mpaka kanga ikalowa. "Nibebee, Mayasa. Wewe ni dada yangu. Mtoto atakuita mama mkubwa, na siku ya arobaini utamtoa nje wewe, mbele ya watu wote." Mayasa, mtu mzima, tena wa Tanga, alipaswa kuuliza ni dada yupi. Kwao dada ni ndugu, na dada ni mfanyakazi wa ndani. Hakuuliza. Mtoto alitolewa nje na mke wa mchungaji.

Tenda wema nenda zako, husema watu. Mayasa alikwenda zake. Wema ndio uliomfuata. Jumatatu kitovu cha mtoto, kilichokuwa kimekwisha kuanguka, kiliota upya, safari hii kirefu. Alhamisi kilitoka dirishani, kikashika barabara kuu, kikasubiri kwenye robot, taa za barabarani, mpaka ikawaka ya kijani. Jumamosi kilipanda zile ngazi, kikapita chini ya mlango na kujiunga na kitovu cha Mayasa, aliyekuwa akishona. Bintiye Bushra alikiruka akienda kuchukua maziwa.

"Eish, mama, cha moto," alisema.

Jiji lilizoea. Wakongo wa jengo la jirani walianikia nguo juu yake. Teksi zikifika, mtu alikiinua kwa mpini wa ufagio, zikapita. Onesmo aliwaambia majirani kuwa ni waya wa intaneti.

Mkasi Mayasa alikuwa nao, ni fundi cherehani. Hakukikata. Alikuwa na kinyongo, na alikitunza. Aligundua kwamba akila, mtoto hushiba. Akicheka, mtoto hucheka. Akikesha, mtoto hukesha. Basi akawa analala mchana, Perpetua akiwa kazini, na baada ya magharibi anakunywa kahawa chungu vikombe vitatu, anashona na kuimba hadi alfajiri. Kule Kensington mtoto alinenepa, akakesha akipiga makofi kwa raha zake. Aliyekonda ni Perpetua.

Mtoto alipotimiza miezi sita, Perpetua alikuja. Alikuwa amefumba jicho la kushoto, kwa sababu siku hizi macho yake yalilala kwa zamu.

"Mayasa, niachie nilale."

"Waite walewale wa arobaini. Waambie nani alizaa."

"Onesmo ni mzee wa kanisa. Watu watasemaje?"

"Watasema nilizaa mimi."

Perpetua alitazama sakafu. "Niombe kitu kingine, dada yangu."

"Dada yupi?"

Perpetua alifumba jicho la kulia. Akafumbua la kushoto, akashuka ngazi akijishikilia kwenye kitovu.

Mtoto alipotimiza miezi tisa alitamka neno lake la kwanza, sebuleni, mbele ya wageni, akikivuta kitovu kwa mikono miwili.

"Dada."

Onesmo alifurahi kupita kiasi. Watoto wa Kizungu, alieleza, ndivyo wanavyomwita baba. Wageni walipiga makofi. Perpetua alikwenda jikoni, akafungua bomba, akaosha sahani zilizokuwa safi.

Joubert Park, Mayasa alilisikia neno tumboni mwake. Alisimamisha cherehani, akangoja kujua ni dada yupi. Mtoto hakuongeza kitu. Adhana ya magharibi ilipokwisha, Mayasa alibandika birika la kahawa, na siku hiyo alikunywa vikombe vinne.