Mwenyeji Hakaribishwi

Msimamizi alimngoja mlangoni, mikono nyuma, kinywa kimejaa tabasamu. Mama Kola alipovuka kizingiti, akitembea taratibu kama aliyejitwika mtungi, msimamizi akapaza sauti ukumbi mzima usikie:

"Karibu kazini!"

Miguu ya washonaji ikaganda juu ya pedali za cherehani.

Mtadhani ni salamu tu. Kwetu sivyo. Katika kiwanda chetu cha sare za shule, "karibu kazini" huambiwa mtu mpya. Naye hujibu "nimekaribia," kisha hupelekwa meza ya kupunguza nyuzi, anasimama kutwa, na kazi ikipungua ndiye wa kwanza kuonyeshwa mlango. Mpiga pasi wetu wa zamani alirudi kutoka kuugua kifua, akakaribishwa hivyo hivyo, akajibu kwa adabu zake. Watu walipopunguzwa, akatolewa wa kwanza, miaka yake yote ikageuka moshi. "Si ulikubali mwenyewe kuwa umeanza upya?" wakubwa wakamwambia. Wengine wamesahau. Mimi ni mkataji vitambaa. Kukata nakata, kusahau sisahau.

Sasa ilikuwa zamu ya Mama Kola, aliyeshona kola za mashati hapa tangu msimamizi huyu akiwa bado anavaa sare za shule. Mgongo uliomwinamia mwajiri miaka yote hiyo ulikuwa umepasuliwa hospitali, akapewa likizo ya ugonjwa, na leo imekwisha.

"Karibu kazini," msimamizi akarudia. "Huna ulimi?"

"Ninao. Sijakaribia, kaka. Nimerudi."

"Cherehani yako ina mtu. Nenda meza ya nyuzi."

"Daktari kanikataza kusimama kutwa. Kasema nipewe kiti chenye mgongo, maana wangu umeshonwa na watu wasiojua kushona."

"Hapa pana mabenchi tu. Kiti chenye mgongo hakipo."

"Kipo. Unakikalia wewe."

Kicheko kikapasuka. Nami nikagonga mkasi mezani. "Likizo ya ugonjwa haifuti miaka ya mtu! Sheria ndivyo isemavyo, na mnaijua!"

"We mkataji, kata vitambaa, maneno tuachie wenyewe."

Binti aliyekuwa kwenye cherehani ya Mama Kola akainuka. "Shikamoo, mama. Nilikushikia nafasi tu."

"Marahaba, mwanangu."

Mama Kola akakaa wima kwenye benchi, jasho la maumivu likimtoka, mikono mapajani. Hakushona. Hakuna aliyeshona. Na shati lisilo na kola haliendi popote.

Kimya cha cherehani ndicho kilichomtoa meneja ofisini, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Karibu, meneja," Mama Kola akasema, kwa utamu wa mtu aliye sebuleni kwake.

"Asante, mama, nimekaribia." Ulimi ukatangulia akili.

Ukumbi ukalipuka. "Meneja kaanza upya! Mpelekeni meza ya nyuzi!"

Uso ukamwiva. "Jamani, nimejibu kwa adabu tu."

"Mpiga pasi naye alijibu kwa adabu tu," Mama Kola akasema.

Meneja akatazama lundo la mashati yasiyo na shingo. "Unataka nini, mama?"

"Miaka yangu ikae pale nilipoiacha. Na kiti."

"Haya, miaka yako ipo."

"Sema kwa nguvu. Nyuma hawajasikia."

Akasema kwa nguvu. "Kiti nacho tutaagiza."

"Kwa hiyo leo nikalie ahadi?"

Meneja akamgeukia msimamizi. Msimamizi akakileta kile kiti mwenyewe, amekikumbatia kama anamzika mzazi. Mama Kola akaegemea, akavuta pumzi, kisha akaniita: "Mkataji! Kola ziko wapi, au nawe uko likizo?"

Jioni nilikwenda kwa mpiga pasi. Nilimsikia akikohoa kabla sijabisha.

"Karibu," akasema.

"Nimekaribia, kaka, lakini sikai. Kesho asubuhi vaa viatu. Tunarudi wote."