Shimo Lenye Hadhi

Nchi ya Kivulini ilikuwa na kila kitu isipokuwa kivuli. Ilikuwa na Mfalme Kiboko, aliyekalia kiti hata kiti kikasahau umbo lake. Ilikuwa na Waziri wa Mazingira, Bwana Kanga, mwenye koti la madoadoa na mdomo usiojua siku ya mapumziko. Na ilikuwa na Kongamano la Kuhifadhi Mazingira, ambalo kila mwananchi alitakiwa kuhudhuria, awe mzima, awe mgonjwa.

Kongamano lilikuwa na utaratibu wake. Kwanza nyimbo, kisha hotuba. Halafu Mfalme alipanda mche kwenye shimo lililochimbwa mbele ya kiti chake, na mche ule ulikauka kabla wapiga ngoma hawajafika makwao, maana maji ya kumwagilia hayakuwemo kwenye ratiba. Mwaka uliofuata, shimo ni lile lile. Mwisho lilikuja somo la vitendo: mti mmoja mkubwa ulikatwa hadharani ili wananchi wauone kwa macho yao ubaya wa kukata miti. Magogo yalikwenda Ikulu, kwa uchunguzi. Ikulu ilizidi kuongezeka vyumba.

Mchimba shimo alikuwa Mhanga, mgane. Mkewe, Sikitu, alifia Kongamanoni. Walikuwa wamekalishwa juani kutwa wakifundishwa faida za kivuli. Akanong'ona, "Mume wangu, naona giza," Kanga akamkemea asikatize mada. Mhanga alimzika chini ya mkuyu wa kisimani, na kila jioni alikwenda kumpa habari za mjini. "Kanga kapata koti jipya, mke wangu. Madoa ni yale yale."

Mwaka mmoja Mhanga akaitwa barazani kupokea maagizo.

"Shimo la mwaka jana lilikuwa aibu," alisema Kanga. "Mfalme alionekana kama anapanda mchicha! Safari hii tunataka shimo lenye hadhi."

"Hadhi ya kiasi gani, mheshimiwa?"

"Kiasi changu," alijibu Mfalme mwenyewe, akipiga mwayo, inzi wakaingia, wakatembea, wakatoka.

"Na somo la vitendo ni mkuyu wa kisimani," Kanga aliendelea. "Umebaki huo huo."

Mhanga akamgeukia Mfalme. "Mfalme wangu, pale kalala mke wangu. Na mkuyu ukienda, kisima nacho kinaufuata."

"Huyu naye!" Kanga alicheka. "Watu hawa wangekuwa wamesoma, wasingelialia. Ndiyo maana tunawaletea Kongamano."

"Mti mmoja hufa ili mingine ipone," Mfalme alisema kwa huruma kubwa.

"Mingine ipi, baba? Imebaki ipi?"

Baraza zima likashikwa na kikohozi. Kanga akatangaza kwamba hoja imepokelewa.

Mhanga akaenda kuchimba. Alichimba kwa hasira, udongo ukaruka juu kama wa kichuguu kilichopasuka. Bi Pimbi, jirani yake, akachungulia kutoka ukingoni.

"Shemeji! Hilo shimo au kisima?"

"Nachimba hadhi, Bi Pimbi."

"Ala! Basi hadhi ina kina!"

Siku ikafika. Nyimbo zikaimbwa, hotuba ikasomwa, jua likawapiga wananchi bila ubaguzi. Mfalme akainuka na mche mdomoni. Sasa, tangu atawazwe tumbo lake lilikuwa limemzuia kuona miguu yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akapiga hatua moja ya kifalme. Ya pili haikukanyaga kitu.

Pu!

Vumbi lilipotulia, kilichoonekana juu ya ardhi ni mche tu, ukitikisika. Shimo lilimkaa Mfalme kama soksi. Kushoto hageuki, kulia hageuki.

"Kateni mkuyu!" sauti ilinguruma, mche ukadondoka. "Leteni gogo nipandie!"

Kikosi cha Panya Buku, wakata miti wa Mfalme, kikanoa meno, kikaelekea kisimani. Mhanga akawatangulia mbio, akajilaza juu ya kaburi la Sikitu, akakumbatia mzizi.

"Anzeni na mimi."

Panya Buku wakatazamana. Ndipo Bi Pimbi akaja na umati mzima nyuma yake.

"Jamani, kukata mti si tumefundishwa kuwa ni kosa? Au miaka yote hii tulikuwa tunapoteza muda?"

Watu wakaangua kicheko. Wakaingia chini ya mkuyu mmoja mmoja, wakaketi. Ubaridi wa kile kivuli uliwashangaza. Mkubwa wa Panya Buku akajipangusa jasho. "Nipishe hapo, mama," akamwambia Bi Pimbi, akaketi naye.

Kanga alifika akihema, koti limekaa upande. "Mzee Mhanga, ndugu yangu! Mfalme yuko shimoni! Tufanye nini?"

Lo! Leo kawa ndugu. Mhanga akainuka, akajikung'uta vumbi, akachota maji kisimani kwa kibuyu. Akatembea polepole hadi shimoni na kummiminia Mfalme kichwani.

"Unafanya nini wewe?" Kanga akapiga kelele.

"Kitu kikishapandwa, mheshimiwa, kinamwagiliwa."

Wananchi wakapanga foleni, kila mmoja na kibuyu chake. Tangu Kongamano lianzishwe, hapo ndipo kilichopandwa kilipopata maji.

Jioni, Mhanga aliketi mahali pake. Kutoka mbali, ngurumo ya shimoni ilisikika, imeshachoka.

"Mwaka huu tumepanda kitu kikubwa, mke wangu," alisema. "Tungoje tuone kama kitaota."