Bendi ya Koti Moja

Katika kisa hiki mjinga ni Oloo. Tusizunguke. Hata yeye huwaambia wateja hivyo kabla hawajaketi, maana akingoja wasimulie wao, watatia chumvi, na hadithi hii ina chumvi yake ya kutosha.

Oloo ni kinyozi wa Gatwekera, huko Kibera. Mambo yalianza pale Trizah, msimamizi wa ukumbi wa kanisa, alipotangaza maonyesho ya historia ya mtaa: kila mtu alete kitu cha kale na habari zake. Oloo akatoa picha ya babu yake, marehemu Osewe. Mzee amesimama wima, koti la miraba limemkaa sawasawa, gitaa kifuani, vidole vimetandazwa kwenye nyuzi kama mtu anayejua anachokifanya.

Nyumbani, Osewe alikumbukwa kama mlinzi wa geti aliyekoroma kuliko mbwa wake. Kumbe alikuwa staa!

Mara Audrey wa pale jirani akaleta picha ya mjomba wake, Okoth. Koti lilelile la miraba. Gitaa lilelile. Mteja mmoja akaleta ya baba yake: koti, gitaa. Oloo akapiga meza hadi poda ikaruka.

"Sare!" akapaza sauti. "Hawa walikuwa bendi!"

Mtafiti mwingine angetulia hapo, anywe chai, afikiri. Oloo alianza kuhoji mashahidi, na ofisi yake ya utafiti ilikuwa kiti kilekile cha kunyolea. Alimlaza kila mzee kichwa nyuma, akamwekea wembe kooni, ndipo akauliza.

"Mzee Wekulo, unakumbuka bendi ya Osewe?"

Mzee Wekulo, povu hadi masikioni, alijibu bila kupumua. "Bendi ya Osewe! Nani hakuicheza? Tulicheza mpaka soli zikabaki ukumbini!"

"Na ile gitaa iko wapi?"

"Si ilibaki kwa mpiga picha, Gerishon, kule Gatina. Pole pole hapo kwa koo, kijana yangu."

Hakuna mzee aliyekataa. Mmoja hata aliimba wimbo wa bendi, beti zote, macho yakiufuata wembe. Oloo aliwarekodi wote kwa simu, akampelekea Trizah.

"Wah! Ukuta wa mbele ni wako," Trizah alisema. "Lakini nataka hiyo gitaa. Ikikosa, nawapatia kwaya ukuta waweke picha zao za mashindano."

Oloo hangekubali. Alikuwa ameshachora kwenye mlango wa duka lake, kwa rangi nyekundu: MJUKUU WA NYOTA WA GITAA. Gatwekera nzima ilikuwa imeanza kumwita Staa. Gitaa lisipopatikana, babu angerudi kuwa mkoromaji, na mjukuu angefuatwa na hilo jina kwa kicheko hadi uzeeni.

Aliyekosa kutoa ushahidi ni mmoja tu, nyanya yake, Dani Awiti, mjane wa Osewe. Alipoulizwa alijifunika uso kwa leso, mabega yakatikisika. "Endelea na utafiti, mjukuu wangu," alisema. Oloo akadhani ni machozi.

Basi asubuhi ya maonyesho alipanda boda boda hadi Gatina, Kawangware, kwa Wangoi, bintiye marehemu Gerishon. Alimkuta mlangoni pa ploti yake ya ghorofa akikatakata sukuma wiki.

"Habari, mathe. Mimi ni Oloo wa Kibera. Nimekujia gitaa ya babu yangu, yule Osewe wa bendi."

Wangoi aliitazama picha, akamtazama Oloo, akaweka kisu chini polepole. Aliingia stoo, akarudi na gitaa mkononi na koti la miraba begani.

Oloo alilipokea gitaa kama anayepewa mtoto mchanga. Akapitisha kidole kwenye nyuzi. Kimya. Akapitisha tena, kwa nguvu. Kidole kikateleza tu.

Nyuzi zilikuwa za rangi. Gitaa lenyewe lilikuwa kipande cha plaiwudi.

"Baba alichonga mwenyewe," Wangoi alisema, akipigana na midomo yake. "Watu walikuwa wanatoka Kibera kwa mguu juu ya hiyo kitu. Ukikuja na shati imeraruka, unavalishwa koti, unashika gitaa, unapigwa picha, unatuma nyumbani wajue Nairobi imekukubali."

"Lakini mathe, niko na mashahidi! Kuna mzee alicheza mpaka soli zikatoka!"

"Ulimuulizia wapi?"

"Kwa kiti. Nikimnyoa."

"Na wembe ulikuwa wapi?"

Oloo alijigusa koo. Wangoi alicheka hadi sinia la sukuma likapinduka, na mpangaji wa juu akachungulia kuuliza nani ameanguka.

"Beba gitaa, beba na koti," alisema akijifuta macho. "Na mimi nakuja. Hii siwezi kusimuliwa."

Ukumbini, Trizah aligonga gitaa kwa kidole: ko, ko, ko. Wanakwaya walikuwa wameshashika gundi, na Oloo akalazimika kueleza yote, jasho likimtiririka. Kabla hajamaliza, Audrey akaliona koti.

"Ni hilo! Nyumbani kuna picha ingine, ya babangu!"

"Hata sisi tuko nayo!" mwingine akadakia.

Watu wakatimka mbio. Walirudi na fremu zenye vumbi, kila moja na mtu wake ndani ya koti lilelile, kila mmoja akipiga gitaa lisilolia. Ukuta wa mbele ukajaa, ukamwagikia wa pembeni. Mzee Wekulo alivaa koti akadai naye apigwe moja. Wanakwaya wakatoa gundi yao wenyewe.

Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa Oloo, aliyekuwa amesimama mbele ya nyanya yake, Dani Awiti.

"Dani, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nirekodi mtaa mzima?"

"Ulikuwa unafurahi."

"Nimeaibika! Babu amedanganya watu na hii picha, na hakuna mtu imemdanganya kama mimi!"

Dani Awiti alikunja leso yake, akamtazama juu hadi chini.

"Wewe picha imekufikisha Kawangware, ukarudi," alisema. "Mimi ilinitoa kwetu Siaya nije kuolewa na mpiga gitaa, na mpaka leo sijarudi."