Doa la Begani

Uvumi ulimwingia dobi kama maji ya sikioni: aliinamisha kichwa huku, akakitikisa kule, haukutoka. Aliyeuleta ni shoga yake, muuza sabuni.

"Mchumba wa bintiyo ana mtoto mchanga nyumbani. Mimi sijaona, shoga. Nimesikia tu."

Lisemwalo lipo, dobi akajisemea, na pasi ikaendelea kuteleza.

Chumba chake cha kazi kilijaa mvuke tangu asubuhi. Mashati yalining'inia kwenye kamba yakipumua polepole, kama watu waliosinzia wamesimama, naye akipita katikati yao nusu macho, nusu ndotoni. Alijivunia jambo moja: nguo haimfichi kitu. Kola humwambia nani ana mawazo, mfuko humwambia nani hana kitu.

Mchumba naye alikuwa akifulisha hapohapo. Dobi alipofungua furushi lake, akaona begani mwa shati la kwanza doa jeupe lililokauka. Akalinusa. Maziwa. Na mtoto hucheulia begani, nani asiyejua? Shati la pili lilikuwa na doa hilohilo. La tatu halikuwa nalo. Amelifua kwanza, mjanja huyu, moyo ukamwambia. Lenye doa likawa shahidi, lisilo na doa likawa shahidi. Harufu ya dawa ya kuchua viungo ilikuwapo pia, tena kali. Hiyo aliipiga pasi moyoni, ikapotea. Ndani ya mvuke akaanza kumsikia mtoto akilia.

Jioni akamtandikia binti yake mashati yale mezani.

"Muulize ana nani nyumbani."

"Ana baba yake mgonjwa, mama. Alishatuambia."

"Mgonjwa asiyeonekana?"

"Mzee anaona haya."

"Ukipenda, chongo huita kengeza, mwanangu."

"Na ukichukia, kengeza unaliita nini?"

Binti alicheka, lakini jicho lake lilikuwa limeshatua kwenye doa. Halikuondoka tena. Kesho yake akavua pete, akamrudishia mwenyewe, bila kumwambia sababu.

Siku ya kuchukua nguo, mchumba aliingia taratibu akiyapasua mashati kwa kichwa. Mgongoni alimbeba mzee aliyepooza upande mmoja, kidevu kimelala begani mwa mwanawe.

"Shikamoo, mama."

Dobi akalitazama bega la kijana. Maziwa aliyonyweshwa mzee yalikuwa yakimchuruzika mdomoni, tone kwa tone, pale pale alipopajua. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumbani.

"Nimekuja nionekane," mzee akasema kwa ulimi mzito. "Nikadhani labda mimi ndiye niliyewatisha."

Binti alitoka nyuma ya mashati, mkono ameunyoosha kuomba pete.

"Ungeniuliza," kijana akamwambia, bila ukali. "Ningekuleta umwone." Akachukua furushi lake, akamweka sawa baba yake, akaaga. Mashati yakajifunga nyuma yao kama maji.

Mama mwenzangu mwenye binti, epuka haya:

Kutafuta ushahidi baada ya kukata hukumu.
Kushika doa unalolitaka na kuacha harufu usiyoitaka.
Kufanya ndiyo na hapana zikupe jibu lilelile.
Kumrithisha mwanao shaka kabla hujabisha hodi kwa mwenyewe.
Kununua sabuni na maneno kwa mtu mmoja.