Nani Aliyeila Kemshafti

Rombo nzima hakuna mwanamke aliyejua magari kama Mektrida. Aliyajua yote mawili: linalokwenda na lililokataa. Hayo mengine, ya nati na gasketi, aliwaachia wanaume, maana nao wanahitaji mahali pa kuchafulia mashati.

Lakini masikio alikuwa nayo. Ndiye aliyeisikia kwanza, siku ya soko, pikapu yao ya Moris ilipokuwa ikipanda kuelekea Mkuu na mikungu ya ndizi mgongoni: tak, tak, tak, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko akidai chakula. Akamwambia mume wake, Mzee Primus. Mzee Primus akasema hayo ni masikio ya uzee. Hawajafika juu ya kilima, injini ikaishiwa nguvu kabisa, na mwenye masikio ya uzee akashuka, akajifunga kanga kiunoni, akasukuma pamoja na vijana wa sokoni.

Pikapu hiyo Primus aliinunua enzi kahawa ilipokuwa kahawa. Baadaye spea zikaadimika, injini ikafa, gari likapandishwa juu ya mawe nyuma ya zizi, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Miaka yote hiyo Primus hakukosa jioni hata moja kwenda kulifuta vumbi. Mektrida, ambaye hakuna aliyekuwa akimfuta vumbi, alitazama tu.

Ndipo ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Maduka ya spea yakafunguliwa tena Moshi mjini, na Fundi Ally wa Njoro akapanda Rombo kuifufua injini ile palepale kihambani, kati ya migomba ya nyumbani, chini ya turubali: pistoni mpya, beringi mpya, kemshafti mpya. Sasa hata msimu mmoja haujaisha, inagonga.

Primus alikwisha kumpata mwenye kosa. "Ally ameniwekea kemshafti ya bandia," alimwambia kila aliyepita njiani. "Jumapili watu wakitoka misa, nitalisema pale nje, kila mwenye gari alisikie."

Mektrida alijua uzito wake. Neno likisemwa nje ya kanisa baada ya misa, hata wa Tarakea hulila na chakula cha mchana. Nusu ya kazi za Ally zilitoka Rombo. Lingesemwa hilo, asingefungua tena hata nati ya baiskeli huku. Na Ally alikuwa mtu wa nyumba hii. Binti yao Evelyn alipolazwa hospitali ya Mawenzi, mke wa Ally, Nasrin, ndiye aliyempelekea uji kila asubuhi hadi akatoka na mashavu. Ally na Primus wenyewe walitaniana tangu ujana, mmoja Mchagga, mwingine mama yake Mpare wa Usangi. Utupe yote hayo kwa ajili ya kipande cha chuma? Mektrida akatuma salamu kwa dereva wa basi: fundi aje kabla ya Jumapili.

Ally akaja Jumamosi asubuhi, sanduku la spana begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo unakuja kushtaki au kushtakiwa? Mpare hatoki kwake bila kesi."

"Nimesikia gari limekufa, nikajua mwenyewe hatamaliza wiki. Nimekuja na sarafu, nikuangushie karibu na sikio. Usipofumbua macho, tunachimba kaburi."

Siku nyingine Primus angecheka mpaka akohoe. Siku hiyo alielekeza kidole kwenye boneti tu.

Ally akafungua mfuniko wa juu wa injini, akampa Primus hendeli azungushe taratibu, yeye akainama kutazama valvu zikipanda na kushuka. Mektrida alikaa karibu na beseni lake la ndizi. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa anamenya masikio yamefunguka.

"Hii inanyanyuka," alisema Ally. "Hii nayo inanyanyuka. Hii hapa..." Akasogeza kichwa karibu. "Zungusha tena, mzee. Hii hapa hainyanyuki. Inaitikia tu kwa adabu."

Akapima mwanya wa valvu hiyo, akatikisa kichwa. Mwanya aliouacha siku ya kufunga ulikuwa umepanuka, na mwanya haupanuki wenyewe. Chini kuna kinacholiwa. Akafungua mfuniko wa ubavuni, akachomoa tapeti, kichuma kidogo kama kikombe cha kahawa. Kitako chake kilichopaswa kung'aa kama kioo kilikuwa kimechimbika kama kinu. Hapo hakukuwa na njia ya mkato. Akashusha radieta, akafungua mbele yote, na jua lilipoanza kupinda kemshafti ilikuwa imelala juu ya gunia, ndefu, yenye matuta yake.

"Njoo uone, shemeji," alimwita Mektrida. "Kila tuta hapa kazi yake kuisukuma tapeti, tapeti iinue valvu, injini ipumue. Sasa ona hili."

Hata Mektrida aliona. Matuta mengine yalikuwa na pua. Mawili yalikuwa vipara vitupu.

"Bandia," alisema Primus. "Si nilisema?"

Ally alichukua tupa, akaipitisha kwenye tuta moja lililobaki zima. Tupa ikateleza, haikuacha hata mchubuko. "Chuma cha bandia tupa hukila, mzee. Hiki ni kigumu, kimekomaa. Hakikuzaliwa kibovu. Kimeharibiwa uchangani." Akaiweka tupa chini polepole. "Ile siku ya kwanza ilipowaka, ulifanya nilivyokwambia?"

Ikumbukwe hivi. Ally alipomaliza kuifunga injini ile alitaka aiwashe mwenyewe, papo hapo. Primus akakataa katakata: kitu kilichokaa na wafu miaka yote ile hakiwashwi kabla ya maji ya baraka, na padre atakuja kesho. Kesho yake Ally alikuwa na harusi ya mpwa wake mjini. Basi akaacha maagizo: mkiwasha tu, kanyaga mafuta, iache ipige kelele, usithubutu kuiacha ingurume chini chini, mpaka Mama Evelyn amalize kumenya ndizi za mtori wa ukoo mzima. Maana kemshafti hailetewi oili mdomoni kama beringi; yake ni ya kurushiwa, na injini ikienda polepole hakuna anayerusha. Na siku ya kwanza tuta na tapeti bado hawajazoeana, wanasagana.

"Nilikanyaga," alisema Primus. "Nilikanyaga mpaka migomba ikapiga makofi."

Kisu cha Mektrida kikasimama katikati ya ndizi.

Alikuwepo siku ile. Aliiona injini ikiwaka, akamwona mume wake akiondoa mguu kwenye mafuta kama mtu anayepita karibu na kitanda cha mtoto mchanga. "Polepole, mama, polepole," Primus aliliambia gari, akilipapasa usukani, machozi yanamlengalenga, na injini ikakoroma kwa raha kama paka aliyeshiba, tangu maji ya baraka mpaka hotuba ya mjomba wa mwisho. Mektrida alimpenda sana saa ile, na gari akalionea wivu kidogo. Hakujua kwamba upendo ule ndio uliokuwa unakula matuta.

Sasa afanyeje? Mwanamke wa Rombo hamwambii mumewe kwamba ni mwongo mbele ya mgeni. Humpa kigoda na kinywaji, akajiambie mwenyewe.

Akaleta kigoda. Akamletea Ally chai ya maziwa, akamjazia Primus kata ya mbege.

"Maskini fundi hakuwepo siku ya baraka," alisema. "Hebu msimulie, Baba Evelyn. Mimi nilikuwa jikoni, sikusikia vizuri."

Primus hakuwa mtu wa kubembelezwa mara mbili. Mbege ilipopita koo, hasira ikakaa pembeni, msimuliaji akatoka.

"Padre Wenseslaus unamjua alivyo. Mzee wa watu, sauti ya mbu, tena siku ile ana mafua. Akaomba gari lisibebe magendo ya mpakani, halafu akanitazama mimi. Mimi!"

"Alikosea?" aliuliza Ally.

"Nyamaza, Mpare. Basi akaendelea, na mwishoni kabisa, kwenye benchi la ukutani, nani anakoroma? Bibi Aikande. Kkhhh, kkhhh, anampokea padre neno kwa neno. Mjukuu wake Justina akamwinamia sikioni, akanong'ona: 'Bibi, amka, wanabariki gari.' Na bibi anamnong'oneza, macho amefumba: 'Mimi sijalala, namsaidia kuomba.'"

Primus alicheka mpaka mbege ikamwagika gotini. Ally akacheka naye, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Na wewe mzee, ulikuwa umekaa wapi?"

"Nikae wapi tena? Kwenye usukani, dirisha wazi, mguu kwenye mafuta kama ulivyoagiza."

"Na injini inapiga kelele."

"Kelele, ndugu yangu? Ilikuwa inapiga kelele, mtu hasikii hata..."

Kata ikabaki nusu ya njia kwenda mdomoni.

Ally alikunywa chai yake kidogo, taratibu. "Justina alimwambia bibi yake nini vile?"

Mektrida aliinamia beseni, akachagua ndizi kwa uangalifu mkubwa kuliko ndizi inavyostahili. "Basi kesho nje ya kanisa," aliuliza bila kuinua kichwa, "tuwaambie watu nini, Baba Evelyn?"

Primus aliitazama kemshafti pale juu ya gunia. Akamtazama Ally. Akamtazama mke wake.

"Huyo Justina," alisema mwishowe, "ana tabia ya kunong'ona kwa sauti kubwa mno."